Spika zilizorudishwa, zinazouzwa na kiwanda chenyewe: zinafaa kuagizwa hadi Dar?

Mkaaji_Tabata

Heshima kwenu wakuu.

Natafuta spika za sebuleni. Chumba ni mita 4 kwa 5, sakafu ya vigae. Amplifaya ipo: wati 60 kila upande kwenye omu 8, na nyuma imeandikwa inakubali spika za omu 4 hadi 16. Bajeti ni dola 800, na hiyo ni mpaka mzigo ushuke Tabata, siyo bei ya kwenye tovuti.

Nimeona baadhi ya watengenezaji wanauza wenyewe spika zilizorudishwa na wateja au zilizokarabatiwa kiwandani, kwa bei ya chini kuliko mpya. Nina tatu mezani:

A. Jozi ya spika za rafu, wufa (ya sauti nzito) inchi 6.5 na twita (ya sauti ya juu) ya kuba, omu 8, hazina amplifaya ndani. Zipo Uingereza, dola 300. Boksi moja limebeba zote mbili: sm 60 x 45 x 40, kilo 16.

B. Jozi ya spika zenye amplifaya na Bluetooth ndani. Zipo Marekani, dola 280. Kibandiko cha nyuma kinasema 120V~ 60Hz.

C. Jozi ya spika ndefu za kusimama sakafuni, zilikuwa za maonyesho dukani. Uingereza, dola 420. Kila moja ina boksi lake, sm 110 x 45 x 40, kilo 22.

Wauzaji wote watatu hawatumi Tanzania, kwa hiyo nitapitia wakala mwenye anwani huko. Naomba msaada kwenye mambo matatu: ipi kati ya hizi ina hatari ndogo, niwaulize nini kabla ya kulipa, na zikifika nizipime vipi kabla ya kusaini kwamba nimepokea mzigo salama.

---

MzeeWaKrosova

Mkuu, tenganisha kwanza hayo maneno, kwa sababu "iliyorudishwa" na "iliyokarabatiwa" ni vitu viwili tofauti kabisa ingawa mara nyingi vinawekwa ukurasa mmoja.

Iliyorudishwa bila kuharibika ndiyo nzuri kuliko zote. Kule mnunuzi wa mtandaoni analindwa: kanuni za Uingereza za 2013, na agizo la Umoja wa Ulaya la 2011 kabla yake, zinampa siku 14 za kughairi bila kueleza sababu. Kampuni zinazouza moja kwa moja huongeza muda wao wenyewe juu ya hapo. SVS ya Marekani inatoa siku 45 za kusikiliza nyumbani, Teufel ya Ujerumani wiki 8. Mtu anaweka spika sebuleni, mkewe anasema ni kubwa mno, zinarudi. Hazina tatizo lolote, lakini boksi limeshafunguliwa, haziwezi tena kuuzwa kama mpya.

Yenye kasoro ya sura ni mkwaruzo au kona iliyogongwa. Mkwaruzo usikusumbue. Kona iliyogongwa ikuhangaishe kidogo, nitaeleza chini.

Ya maonyesho imepigwa saa nyingi na kuguswa na watu wengi. Angalia kuba ya twita: watoto huibonyeza kwa kidole. Kuba ya kitambaa ikibonyea huweza kurudishwa, ya alumini ikishakunjika imekunjika, na hapo sauti ya juu ya spika hiyo haitalingana tena na ya mwenzake.

Iliyokarabatiwa maana yake kuna kitu kilikufa kikabadilishwa. Si mbaya, mradi ujue ni kitu gani. Spika za jozi hutoka kiwandani zikiwa zimelinganishwa. Fundi akibadilisha twita ya upande mmoja bila kupima tena, sauti ya mwimbaji itahama katikati na kuvutwa upande.

Sasa barua ya kumwandikia muuzaji. Usiulize "je, ziko katika hali nzuri?" kwa sababu jibu unalijua. Uliza hivi: zilirudishwa kwa sababu gani, ni kipuri kipi kilibadilishwa na kwenye spika ipi, je, zilipimwa kwa mashine baada ya matengenezo au zilisikilizwa tu, namba za mfululizo (serial) za spika zote mbili ni zipi, na je, zilitoka kiwandani zikiwa jozi moja, na vitu gani havimo ndani ya boksi. Hili la mwisho watu hulipuuza. Mizigo iliyorudishwa hukosa vitu vidogo: nyavu za mbele, miguu ya miiba, sponji za kuziba tundu la besi, na vile vibati vya shaba vinavyounganisha terminali nne za nyuma. Bila vibati hivyo, ukiunga nyaya kwenye terminali za chini tu, twita haitoi sauti kabisa, na mtu anadhani ameuziwa spika mbovu. Dawa yake ni waya wa shaba wa mm² 2.5, vipande viwili vya sm 10 kwa kila spika, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi.

Halafu swali ambalo kwa mtu wa Dar ni kubwa kuliko yote: "Wufa au twita ikifa baada ya mwaka mmoja, mtaniuzia kipuri hicho peke yake, na namba yake ni ipi?" Waranti ya spika hizi kwa kawaida inafanya kazi katika nchi ya mauzo, na sharti ni uzirudishe kwa gharama yako. Kutoka hapa hilo halilipi, kwa hiyo kwenye hesabu zako ihesabu waranti kama haipo. Kinachobaki mkononi mwako ni kipuri. Twita haifiki kilo moja, inasafiri kama kifurushi kidogo, na kuifunga ni skrubu nne na nyaya mbili. Hii ndiyo faida halisi ya kununua kwa mtengenezaji badala ya kwa mfanyabiashara wa kati: yeye ana kipuri chenye namba ileile. Akijibu kwamba hauzi vipuri, achana naye hata kama bei ni nusu.

Kwa msingi huo, kura yangu ni A.

---

BintiUpanga

Naongezea upande wa usafiri na forodha, maana hapo ndipo bajeti nyingi hufia.

Spika ni mzigo wenye hewa nyingi, kwa hiyo kwenye ndege unalipia ukubwa wa boksi, siyo uzito wa mizani. Unazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha unagawa kwa 6000 kwa shehena ya kawaida ya ndege, au 5000 kwa kampuni za vifurushi vya haraka. Inayotozwa ni namba kubwa kati ya hiyo na kilo za mizani.

A: 60 x 45 x 40 ni 108,000. Ukigawa kwa 6000 unapata kilo 18. Kwa 5000 kilo 21.6. Mizani inasema 16. Tofauti inavumilika.

C: boksi moja ni 198,000, yaani kilo 33 kwa kigawanyo cha 6000, na yako mawili. Utalipia kilo 66 wakati mizani inasema 44. Kwa vifurushi vya haraka inafika 79.2. Hizo ndizo spika za kupanda meli tu, ambako A ni mita za ujazo 0.108 na C ni 0.396. Muulize wakala kiwango chake cha chini kabisa cha malipo, kwa sababu wengi wanaochangisha kontena wana kiwango ambacho mzigo mdogo kama A haukifikii, na unakilipa hata hivyo.

Forodha sasa. Spika ziko kwenye kifungu cha 8518. Ushuru unapigwa juu ya jumla ya bei, usafiri na bima, kile mawakala wanachokiita CIF. Tuseme A kwa meli: spika 300, usafiri 150, bima 5. CIF ni 455. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa bidhaa zilizokamilika kwa kawaida ni asilimia 25, kwa hiyo 113.75. VAT ya asilimia 18 haipigwi kwenye 455, inapigwa kwenye 455 jumlisha ushuru, yaani 568.75, ambayo inaleta 102.38. Umefika 671 na senti kidogo. Hapo hujaweka tozo ya reli, ada ya uchakataji wa forodha, ada ya wakala na gari la kufikisha Tabata. Ndiyo maana dola 800 inatosha A kwa kubana na haitoshi C. Mpe wakala maelezo kamili ya bidhaa akuthibitishie namba ndogo ndani ya 8518 na viwango vya sasa kwa maandishi kabla mzigo haujaondoka kule.

Bei ya punguzo huzua maswali. Ofisa anaona modeli inayouzwa 500 imeandikwa 300 na anahisi umepunguza thamani. Ankara ieleze wazi kwamba bidhaa ni iliyorudishwa au iliyokarabatiwa, iwe na namba za mfululizo, na uambatanishe risiti ya benki na nakala ya ukurasa wa tovuti ulioonyesha bei siku uliyonunua. Sheria inaanza na bei uliyolipa kweli, lakini kuithibitisha ni juu yako.

Muulize pia wakala kuhusu TBS (Shirika la Viwango Tanzania): cheti kinakatwa kule au ukaguzi unafanyika hapa, na ada yake ni ya nani. Wakala akisema "hilo tutaona bandarini", tafuta mwingine.

Bima usiikate. Dola 5 au 10 ni kitu kidogo sana kulinganisha na wufa iliyohama sumaku.

---

FundiTemeke

B iache, na sababu ni umeme wala siyo ubora wa spika.

Kibandiko kikisema 100-240V~ 50/60Hz unabadilisha waya tu na kupiga muziki. Kikisema 120V~ 60Hz, ukichomeka kwenye 230V ya TANESCO kitu cha kwanza kufa ni fyuzi ukiwa na bahati; ukikosa bahati ni transifoma ya ndani na kapasita za umeme pamoja nayo.

Watu watakuambia nunua transifoma ya kushusha. Inashusha volti, haibadilishi masafa. Transifoma ya ndani iliyotengenezwa kwa 60Hz ukiipa 120V kwenye 50Hz, chuma chake kinabeba usumaku asilimia 20 zaidi ya kilichokusudiwa. Ikiwa mtengenezaji aliacha nafasi, itapata joto kidogo tu. Ikiwa alibana shaba na chuma, itanguruma na kuchemka mpaka plastiki inukie. Njia salama ni kuipa 100V, kwa sababu 100 kwa 50 ni uwiano uleule wa 120 kwa 60, ila nguvu ya amplifaya inapungua. Transifoma yenyewe ya nje iwe na VA (volti mara ampea) mara mbili au tatu ya wati zilizoandikwa nyuma ya spika. Ukishajumlisha bei yake na uzito wake, ile nafuu ya B imeyeyuka.

Spika kutoka Uingereza hazina shida hii: 230V, 50Hz, na plagi ni ileile ya miguu mitatu bapa. Za Japani ni 100V, kwa hiyo nazo zikiwa na amplifaya ndani zinadai transifoma. Spika zisizo na amplifaya, kama A na C, hazijui volti ya nchi yoyote.

Kuna jambo la pili kuhusu B. Spika yenye amplifaya ndani ikifa, bodi ni ya modeli hiyo tu. Fundi wa hapa anaweza kubadilisha transista za kutoa sauti na kapasita, lakini chipu ya Bluetooth yenye programu yake ndani haipatikani mtaani. Ya kawaida kama A ina vitu vinne tu vya kufa: wufa, twita, krosova (saketi inayogawa sauti kati ya wufa na twita) na terminali. Vyote vinashikika kwa mkono na koleo.

---

MzeeWaKrosova

Naunga mkono, na hili la 230V lina nyongeza kwa atakayechukua spika za umeme kutoka Uingereza: weka kile kifaa cha kulindia friji kati ya soketi na spika. Kinachelewesha kuwasha umeme ukirudi, na ule mruko wa kwanza baada ya kukatika ndio unaoua.

---

Kijana_wa_Gerezani

Wakuu, kwa nini ahangaike na meli wakati Kariakoo kuna spika za mtumba kutoka Japani na Ulaya, unaingia na amplifaya yako, unasikiliza, unalipa, unabeba? Hakuna CIF wala nini.

---

FundiTemeke

Ndugu, kusikiliza kabla ya kulipa ni faida kubwa na sikukatalii. Ila zile ni spika zenye umri, na zenye umri zinakufa kwa namna ambayo hizi za kiwandani za mwaka juzi hazifi.

Ukienda huko, kitu cha kwanza ni ukingo unaozunguka koni, ile sehemu ya mbele ya wufa inayotikisika. Ukiwa wa sponji, ubonyeze taratibu kwa ncha ya kidole. Ukiacha alama au ukitoa unga, umekwisha. Sponji kwa joto na unyevu wa pwani huoza hata spika ikiwa stoo haipigwi. Ukingo wa raba hudumu sana. Sponji inabadilishika: unapima kipenyo cha koni na cha fremu, unanunua ukingo wa saizi hiyo, unakata kifuniko cha katikati, unaingiza vipande vyembamba vya plastiki kuzunguka koili (waya uliozungushwa unaosukuma koni) ili ikae katikati sawasawa, ndipo unagundisha. Ukiruka hatua ya vipande hivyo, koili itakwaruza sumaku na kazi yote ni bure. Kwa hiyo bei ya mtumba uijumlishe na kazi hiyo, mara mbili.

Kitu cha pili ni twita. Nyingi zina mafuta ya sumaku yanayopoza koili, na yakizeeka yanaganda. Spika inapiga, lakini sauti ya juu imezama. Sokoni kwenye kelele hutaisikia kasoro hiyo.

Cha tatu, jina lililobandikwa mbele halithibitishi kitu. Toa wufa moja kama muuzaji anakuruhusu, uone kama nyuma ya sumaku pana namba ya kipuri na kama krosova ina koili za shaba na kapasita za maana. Ukikuta kapasita moja tu imening'inia kwenye waya wa twita ndani ya kabati lenye jina kubwa, umeshajua.

---

Mkaaji_Tabata

Asanteni sana. B nimeifuta. C naifuta kwa hesabu ya BintiUpanga. Swali dogo: wati 60 kwa A zitatosha? Ukurasa unasema unyeti ni desibeli (dB) 87. Na naomba sana hatua za kupima.

---

MzeeWaKrosova

Zinatosha. dB 87 ni kwa volti 2.83 kwa umbali wa mita 1, ambayo kwenye omu 8 ni wati 1. Ukikaa mita 3 unapoteza kama dB 9.5 ukihesabu kama uko nje. Ndani ya chumba unapoteza pungufu ya hapo. Wati 60 zinakuongezea karibu dB 18. Unafika dB 95 kwa spika moja, kabla hata hujawasha ya pili. Kwenye mita 4 kwa 5 majirani wataanza kugonga ukuta kabla amplifaya haijachoka. Vigae ndivyo vitakavyokusumbua kuliko wati: tandika zulia kati yako na spika, la sivyo sauti ya juu itakuwa kali na utaiona spika haina kosa ila masikio yanachoka.

---

FundiTemeke

Hatua za kupima. Zifanye kwa mpangilio huu, maana kila moja inalinda inayofuata.

Boksi lipigwe picha pande zote sita mbele ya dereva, kabla ya kisu. Kona iliyobonyea ndani ni dalili ya kuanguka. Ufunguzi wenyewe urekodi video bila kukata, namba za mfululizo zionekane, uzilinganishe na ankara.

Toa nyavu. Tazama vichwa vya skrubu za wufa na twita: vilivyoliwa au rangi kutoka, spika ilifunguliwa, na iwe ni sehemu waliyokuambia. Pitisha kidole kwenye kona za chini za kabati. Mbao za MDF zikinywa maji huvimba na hazirudi. Ukihisi mdomo umeinuka au vinia imeachia, maji yaliingia.

Koni. Weka vidole vitatu kuzunguka kifuniko cha katikati, sukuma sawasawa milimita 3 au 4, achia. Inatakiwa iende na irudi kimya. Ukisikia mchakacho kama wa karatasi ya msasa, koili inagusa sumaku. Kwa mzigo uliosafiri, chanzo kikubwa ni kuanguka: sumaku ni nzito, imeshikwa kwa gundi, boksi likidondoka kwa kona sumaku inahama kidogo na nafasi ya koili inaisha upande mmoja. Hiyo haitengenezeki kwa kukaza skrubu. Ni wufa nyingine. Hii ndiyo kona iliyogongwa aliyoitaja Mzee. Unaweza kuipiga spika hiyo hivyohivyo kwa sauti ndogo bila kujua, mpaka koili ikwaruzike ishoti, na hapo ndipo amplifaya inaingia hatarini.

Omu. Mita ya fundi kwenye 200Ω. Gusanisha kwanza ncha za mita zenyewe, usome upinzani wa nyaya zake, kwa kawaida 0.2 hadi 0.5, uutoe kwenye kila kipimo. Spika ya omu 8 itasoma kati ya 5.5 na 7. Ya omu 4 kati ya 3 na 3.6. Usishtuke kwamba si 8, kwa sababu 8 ni jina la upinzani wakati muziki unapita, mita inapima umeme wa betri. La maana ni jozi kulingana: tofauti ikizidi asilimia 5, simama hapo, usipige kwanza, mwandikie muuzaji.

Betri ya 1.5V, chanya kwenye nyekundu, hasi kwenye nyeusi, gusa na kuachia. Koni iruke nje. Ikiingia ndani, nyaya zimegeuzwa, kosa la kawaida kabisa kwenye spika iliyobadilishiwa wufa.

Sasa amplifaya. Programu ya simu ya kutoa mawimbi, sauti ya kiwango cha mazungumzo. Anza 200Hz, shuka polepole mpaka 30Hz, spika moja kwa moja. Mtetemo ukitokea mahali, shika kitu kimoja kimoja kwa mkono: terminali, wavu, kibati cha jina. Mara nyingi ni skrubu ya wufa imelegea kwa safari. Kaza kwa mpangilio wa msalaba, kidogo kidogo, usiing'oe MDF. Mfoko wa hewa pembeni ya wufa maana yake gasketi imepasuka.

Twita ipimwe kwa 5kHz, sauti ndogo, sikio mita nusu, kulia na kushoto zilingane. Usiongeze sauti hapa. Kwenye muziki twita hupata sehemu ndogo tu ya nguvu. Ukiipa mlio mmoja wa wati 20 unaichoma mwenyewe sekunde chache baada ya kuitoa kwenye boksi.

Mwisho, piga wimbo wa mono au sauti ya mtangazaji, kaa katikati. Sauti itokee hewani kati ya spika. Halafu geuza nyaya za spika moja tu, nyekundu na nyeusi. Besi inatakiwa kupungua. Ikiongezeka, kuna moja imegeuzwa ndani. Zima amplifaya kabla ya kugusa nyaya hizo.

---

Mdau_Kimara

Naomba kuingilia, nina mita mkononi na jozi ya terminali nne. Nimetoa vibati. Terminali za chini zinasoma 6.1 upande mmoja na 4.9 upande wa pili. Za juu zote mbili zinaandika OL. Twita zote zimekufa?

---

MzeeWaKrosova

OL (upinzani umevuka uwezo wa mita) kwenye terminali za juu ni sawa. Njiani kuelekea twita kuna kapasita, na kapasita inazuia umeme wa betri ya mita. Mita haiwezi kukuambia uhai wa twita kutoka nje. Sikiliza 5kHz, au toa twita upime kwenye miguu yake.

Tatizo lako ni 6.1 na 4.9. Hiyo ni tofauti ya asilimia 20. Rudia kipimo bila kushika ncha za chuma kwa vidole, na toa upinzani wa nyaya za mita. Ikibaki hivyo, kuna mambo mawili ya kuangalia. Koili iliyoungua: mizunguko kadhaa imeshikana, upinzani unashuka, na ukiweka pua karibu na tundu la besi utasikia harufu ya vanishi iliyoungua. Au wufa ya modeli nyingine iliwekwa kwenye matengenezo. Fungua wufa zote mbili, piga picha namba za nyuma ya sumaku. Namba zikitofautiana, tuma picha kwa muuzaji leo, maana hilo hawezi kulibishia.

Mwenye kompyuta anaweza kwenda mbali zaidi: programu ya bure ya REW, kadi ya sauti yenye ingizo mbili, na rezista ya omu 100 zinatosha kuchora upinzani wa spika kwenye masafa yote. Spika yenye tundu la besi inaonyesha vilima viwili chini, na bonde katikati yake linaonyesha masafa ambayo tundu limepangiwa. Weka michoro ya kulia na kushoto moja juu ya nyingine. Vilima vikiachana, kuna tatizo la wufa au kabati linavuja, na mchoro huo ni ushahidi unaoweza kuutuma kiwandani wakauelewa bila maneno mengi.

---

Mkaaji_Tabata

Muuzaji wa A amejibu maswali yote. Zilirudishwa ndani ya siku 14, hakuna kipuri kilichobadilishwa, namba za mfululizo zinafuatana, vibati vya shaba havimo. Wanauza wufa na twita moja moja na wamenipa namba zote mbili. Wakala ameandika kwamba kiwango chake cha chini cha meli ni mita za ujazo 0.2.

---

BintiUpanga

Basi utalipia 0.2 wakati mzigo wako ni 0.108. Nafasi iliyobaki ni 0.092 na unailipia vyovyote vile, kwa hiyo mwambie wakala aliweke boksi la spika ndani ya boksi kubwa zaidi lenye sponji pande zote: sm 70 x 55 x 50 ni 0.1925, bado uko ndani. Sentimita 5 za sponji kila upande zitapokea pigo ambalo lingeenda kwenye sumaku. Sisitiza spika zisafiri zimelala kama kiwanda kilivyozipanga, mshale juu.

---

FundiTemeke

Na agiza twita moja ya ziada iingie humohumo, kwa sababu peke yake baadaye itadai usafiri wake. Wufa usiagize, kwa wati 60 kwenye chumba hicho huichomi. Namba za vipuri ziandike kwa kalamu isiyofutika chini ya kila kabati kabla hujaziweka kwenye stendi.